Gurudumu la Kati la Kuku wa Bati

Chama chao hakikuwa na jina. Kilikuwa na ukumbi wa kupanga nyuma ya karakana ya matairi, kilikuwa na birika la chai, na kilikuwa na sheria moja. Wanachama walikutana kila Jumamosi kuonyeshana vitu walivyoviunda kwa mikono yao, vitu ambavyo hakuna aliyewatuma kuviunda. Majumbani mwao waliitwa Watu wa Jumamosi, na aliyelitamka jina hilo kwa kawaida alikuwa anatafuta mkasi wake.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Kitu hakipokelewi chamani mpaka mwanachama mwingine akifungue mbele ya watu, kipande kimoja kimoja, akitaje kila kipande kwa sauti na kukilaza juu ya shuka jeupe. Kisha avirudishe vyote, na kitu kifanye kazi kama kilivyofanya kabla ya kuguswa. Ikibaki hata nati moja juu ya shuka, kazi imekataliwa. Sheria hii ililetwa na kasuku. Zamani mwokaji mikate alikuja na kasuku wa mbao aliyeimba vizuri mno, watu wakafuta machozi, mwenyekiti akasimama kutoa hotuba, na katikati ya hotuba kasuku akapigiwa simu.

Mfunguaji aliyeaminiwa kuliko wote alikuwa Fundi Mizani. Jina hilo alipewa na kazi yake: siku za wiki alitengeneza mizani za wauza nyama na wauza nafaka, katika kibanda chenye chumba cha kulala nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono isiyo na haraka na mdomo usio na subira. Kazi yake mwenyewe iliyopokelewa ilikuwa mwavuli wenye donge la chumvi kileleni. Mvua ikiyeyusha chumvi, springi inaachia na mwavuli unafunguka wenyewe. Ulihitaji mvua nyingi kidogo, hivyo mwenye mwavuli alilowa kwanza ndipo ufunguke. Chama kilisema hiyo si kasoro, ni hulka.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya kaka yake.

Kaka yake, baba mmoja mama mmoja, alikuwa fundi miwani. Mjini alikuwa na duka safi lenye vioo pande zote. Nyumbani alikuwa na stoo, na ndani ya stoo, kwa miaka ambayo mkewe aliacha kuihesabu, alikuwa akiunda kuku. Kuku wa bati, wa ukubwa wa kuku. Ukimkaza kwa ufunguo chini ya bawa, anatembea mezani, anadonoa pasipo na kitu, anageuza shingo kuangalia kama kuna anayemtazama, anachuchumaa, anataga yai la mbao. Basi. Waliouliza kuku huyo ana faida gani waliambiwa kwamba yai linaweza kurudishwa ndani.

Fundi Mizani alikuwa amesikia habari zake lakini hakuwahi kumwona, kwa sababu nyumbani kwa kaka yake alikuwa haendi. Si kwamba alikatazwa. Zamani, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kazi na hana pa kulala, aliishi kwao, chumba kimoja na meza ya pasi. Wifi yake, muuguzi, mwanamke nadhifu anayekunja hata matambara ya jikoni, alikuwa na bangili ya fedha aliyoachiwa na bibi yake. Bangili ilipata ufa. Fundi Mizani akajitolea kuilehemu, akaifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu, ikatoka na kiungo kidogo kama punje ya mchele, ambacho ungekijua kwa kukipapasa na ukucha. Wifi alifurahi sana. Wiki ile ile bangili ikapotea.

Nani aliyeishika mwisho? Nani aliyeijua thamani yake? Hesabu ilikuwa rahisi, na wifi aliipiga. Jioni moja umeme ukiwa umekatika, alimwomba Fundi Mizani, kwa adabu zote, afungue sanduku lake la nguo. Likafunguliwa. Nguo zikatolewa moja moja, za nje na za ndani, zikawekwa kitandani. Kaka ndiye aliyeshika tochi. Hakikupatikana kitu, na kutopatikana huko kukamchafua zaidi, maana mwizi mjinga hukamatwa; wa kuogopwa ni yule asiyekamatwa. Asubuhi Fundi Mizani alihama.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita mwizi. Ukoo wao ni wa watu wastaarabu. Akiingia kwenye msiba au harusi, shangazi zake walimkumbatia kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umekumbuka mkoba. Akienda chooni, alipata wa kumsindikiza. Mama yake mzazi, ambaye peke yake alisema waziwazi kwamba mwanawe hakuiba, alilisema hilo mara nyingi mno, hata pale ambapo hakuulizwa. Fundi Mizani aliyazoea yote haya kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana: anatembea nacho, lakini hajakisahau. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, na hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu aseme, mbele ya watu, kwamba si yeye.

Sasa, kaka alikuwa amejipanga. Mwenye kazi huruhusiwa kupendekeza mfunguaji, naye alimpendekeza daktari wa meno, mtu mpole, mwenye miwani minene aliyotengenezewa na kaka huyo huyo. Daktari alikubali. Lakini asubuhi hiyo mgonjwa wake mmoja alivimba shavu, na shavu halijui Jumamosi. Mwenyekiti, fundi redio mstaafu aliyewahi kuunda kinanda cha mabomba ya maji na kuwahamisha majirani wawili, aliusoma ujumbe wa daktari, akaitia simu mfukoni, akatazama ukumbi.

"Fundi Mizani," alisema. "Njoo umfungue kuku."

"Yule ni dada yangu," kaka alisema.

"Najua. Ni kosa?"

"Si kosa. Ila nilidhani tungemngoja daktari. Hata Jumamosi ijayo."

"Wageni wameshakaa," alisema Mwenyekiti. "Na chai imeshamiminwa."

Mgeni aliyekaa mbele kabisa alikuwa wifi mtu. Alikuwa amevaa vizuri, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Alieleza kila aliyemsalimia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hiki ndicho kitu cha kwanza kutoka katika ile stoo, naye amekuja kukisindikiza.

"Habari za siku nyingi, wifi," alisema.

"Njema, wifi. Za kwako?"

"Njema tu."

Hayo ndiyo maneno waliyokuwa wakiambiana tangu lile sanduku lifunguliwe, na kwa jinsi yalivyokaa vizuri wangeweza kufika nayo kaburini.

Kuku alionyeshwa kwanza akiwa mzima. Alitembea, akadonoa, akageuza shingo, akachuchumaa, akataga. Mwokaji mikate, ambaye tangu mambo ya kasuku hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema huyu kuku ana dharau ya kweli, na wote wakaona ni sifa kubwa. Kisha Fundi Mizani akavuta taa karibu, akachukua bisibisi ndogo.

"Parafujo ya mgongo," alitaja. "Bawa la kulia. Bawa la kushoto. Ufunguo."

Alianza akiwa na nia mbaya moyoni. Alitaka kuikuta kazi mbovu, gundi ilipotakiwa parafujo, waya ulipotakiwa uti. Hakuikuta. Shingo ilikuwa imeungwa kwa bawaba za miwani, nyingi, zikifuatana, ndiyo maana iligeuka kwa madaha yale. Kamani, ile springi inayokazwa kwa ufunguo, ilitoka katika saa ya ukutani. Njia ya yai ilitandikwa kitambaa laini cha ndani ya vifuko vya miwani, ili yai litoke bila kelele. Kaka yake, ambaye utotoni alishindwa hata gari la waya, alikuwa amejifunza. Fundi Mizani alijiona anamwonea fahari, jambo ambalo hakuwa amelipangia, na likamuudhi.

Akaingia tumboni. Katikati ya yote, pale ambapo nguvu ya kamani inapokelewa na kugawiwa miguu, shingo na mkia, palikuwa na gurudumu moja kubwa kuliko mengine. Moyo wake ulikuwa kisahani cha mbao. Ukingo wake ulikuwa wa madini, umekuwa mweusi kwa mafuta, na juu yake meno yalichongwa kwa tupa, moja moja, yakalingana kama yamepigwa mashine. Alilitoa. Akalizungusha kwenye mwanga, kama anavyofanya na kila gurudumu, ukucha wa kidole gumba ukipita pembezoni. Ukucha ukakwama kwenye punje ya mchele.

Mtu hausahau mwandiko wake. Fundi Mizani aliijua lehemu ile kuliko alivyoujua uso wake, maana uso umebadilika tangu wakati ule na lehemu haikubadilika. Akayatazama tena yale meno. Ilikuwa kazi nzuri, pengine nzuri kuliko zote zilizowahi kulazwa juu ya shuka lile. Aliona machozi yanakuja, asijue ni ya lipi kati ya mambo mawili.

Akainua macho. Kaka yake alikuwa akiitazama feni ya dari, ambayo haikuwa ikizunguka.

"Fundi?" alisema Mwenyekiti. "Tunangoja jina."

"Gurudumu la kati," alisema, akalilaza juu ya shuka.

Wifi yake alilitazama kama alivyotazama vipande vingine vyote, yaani kama uchafu ambao baadaye kuna mtu atatakiwa kuufua.

Kwa nini alisema hivyo? Wako waliosema damu ni nzito kuliko maji, lakini methali hiyo Fundi Mizani aliacha kuiamini siku aliposhikiwa tochi. Alisema hivyo kwa sababu neno la kunyang'anya na neno la kupewa hayana ladha moja, naye alitaka apewe. Kaka alikuwa ameona kwamba dada ameona. Basi aseme. Nafasi anayo.

Na akampa nafasi kweli. Vipande vilivyobaki alivitaja polepole mpaka watu wa nyuma wakaanza kutazama saa. Kurudisha ndiko alikochelewa zaidi. Aliyapaka mafuta meno ya gurudumu jino kwa jino. Alikaza parafujo, akailegeza, akaikaza tena. Mwokaji alisinzia. Kila alipomaliza hatua alimtazama kaka yake, akangoja. Mara moja kaka alifungua mdomo, na Fundi Mizani akaweka bisibisi chini. Kaka aliomba chai.

Kuku akafungwa, akakazwa, akasimamishwa. Alitembea. Alidonoa. Aligeuza shingo, akamtazama Fundi Mizani kwa muda mrefu kidogo, au labda ni bawaba moja iliyokuwa nzito kwa mafuta mapya, kisha akachuchumaa na kutaga. Shuka lilikuwa jeupe tupu. Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti akasema mcheza kwao hutunzwa, akamkaribisha mwenye kuku aseme mawili matatu.

Kaka alisema zaidi ya matatu. Alimshukuru Mwenyekiti. Alimshukuru daktari ambaye hayupo. Aliwashukuru wateja wake wote waliosahau miwani dukani. "Na mke wangu," alisema, "kwa uvumilivu wake, na kwa vyote alivyochangia kwenye kuku huyu, alivyovijua na asivyovijua." Watu wakacheka. Wake kwa waume wakacheka, kila mtu akikumbuka kijiko chake, na wifi naye akacheka, akimtishia mumewe kwa kidole. "Na dada yangu, ambaye mikono yake wote mnaijua."

Hapo mkono wa wifi, bila mwenyewe kuutuma, ukausogeza mkoba karibu na tumbo.

Fundi Mizani alisimama.

"Mwenyekiti, kuna kipande nimekitaja vibaya."

Vikombe vikawekwa chini. Tangu chama kianze kazi zilikuwa zimekataliwa, parafujo zilikuwa zimemezwa na mwenye kazi ili zisionekane zimebaki, lakini kutaja vibaya hakukuwahi kutokea, na kwa mtu kama yeye hakukutazamiwa.

"Kitaje upya basi," alisema Mwenyekiti.

"Lazima nimfungue."

"Dada," kaka alisema. "Ameshapokelewa."

Safari hii hakuhitaji muda. Mgongo, bawa, kamani, na mkono wake ulikuwa tumboni mwa kuku kabla Mwenyekiti hajaamua kama sheria inaruhusu. Akatoa gurudumu. Akalikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili, kisahani cha mbao kikachomoka na kuanguka sakafuni. Ukingo ukabaki mkononi.

"Bangili," alitaja.

Hakuilaza juu ya shuka. Alienda nayo mpaka safu ya mbele, akaitia katika kiganja cha wifi yake.

"Ni ya fedha," alisema. "Ipapase pembeni, kuna punje."

Wifi alitoa leso, akafuta mafuta kwanza, kwa sababu ndivyo alivyo. Kisha akaipapasa. Aliizungusha mara ya kwanza, akaizungusha mara ya pili, akayaona meno, akamtazama mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa ameenda kukitafuta katika nguo za mwenzake.

Mwenyekiti alilitazama birika.

"Ulinishikia tochi," Fundi Mizani alimwambia kaka yake.

"Nilitaka kusema."

"Lini?"

"Siku ile ile. Ila nilikuwa nimeshaitia meno mawili." Kaka aliwageukia Watu wa Jumamosi kama anayeomba shahidi. "Bangili ikishakuwa na meno mawili huwezi kuirudisha. Si bangili tena, na bado si gurudumu. Ingekuwa imeharibika bure."

Baadhi ya wanachama walitikisa vichwa kukubali, wakajishtukia, wakaacha. Kilichomuudhi Fundi Mizani kuliko vyote ni kwamba yeye pia alimwelewa. Alijua jinsi mtu anavyokaa na tupa mkononi, akasema nachonga moja tu nione, na jino likatoka zuri.

"Na mimi?" alisema. "Mimi nilipoharibika, haikuwa bure?"

Kaka alimtazama kuku, aliyelala ubavu, tumbo wazi. "Nilidhani umesahau. Una kazi yako. Watu wanakuheshimu."

"Sijasahau hata siku moja. Nimeumia, kaka. Kila shughuli ya ukoo wetu nimeenda nikiumia na nimerudi nikiumia, na wewe ulikuwa unakaa meza moja na mimi unanipitishia chumvi." Sauti yake haikupanda. "Sasa sema. Mimi usiniambie, mimi najua. Waambie wao."

Kaka alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bangili niliichukua mimi," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma herufi za chini kabisa kwenye ubao wa kupimia macho. "Dada hakuiba."

Ikawa imekwisha. Yalikuwa maneno matano. Mtu angeweza kuyasema huku anafunga kamba za viatu. Fundi Mizani alikuwa amedhani siku atakapoyasikia yatakuwa marefu.

Wifi akasimama, mkoba ukateleza ukaanguka chini ya kiti, hakuufuata.

"Wifi. Nguo zako nilizitoa mimi."

"Ndiyo."

"Nilikukosea."

"Ndiyo."

"Shangazi zenu nitawaambia mwenyewe. Mmoja mmoja."

"Anza na mkubwa," alisema Fundi Mizani. "Ndiye msambazaji."

"Nitaanza naye leo hii."

Mwenyekiti akakohoa. Alisema anaomba radhi kwa kuingilia mambo ya kifamilia, lakini mezani kuna kuku aliye wazi na nje yake kuna kipande, na kwa sheria ya chama kazi hiyo kwa sasa haijapokelewa wala haijakataliwa, jambo ambalo yeye kama mwenyekiti haliwezi.

"Mke wangu," kaka alisema, akipata matumaini ghafla. "Ukiirudisha tu dada anaifunga. Dakika chache. Umeona alivyotembea."

Wifi hakumtazama. Alimuuliza Fundi Mizani. "Ikirudi, atatembea?"

"Atatembea."

"Na isiporudi?"

"Atakaa hivyo hivyo."

Wifi aliipitisha bangili mkononi. Ilikuwa imepungua uzito kwa kuchongwa, lakini meno yalimkwaruza kifundo, yakaacha mistari myekundu. Aliisukuma mpaka ikakaa mahali pake.

"Basi na akae," alisema. Akavuta kiti kilichokuwa cha mumewe, akakiweka karibu na cha kwake, akakipigapiga kwa kiganja. Fundi Mizani akaketi.